Sura ya Tisa: Vioo Vitatu Vizima

Ukitaka kujua habari za mji wa makaa usiende ofisini kwa sherifu, nenda panaponukia vitunguu. Clement Varney, mpelelezi wa moto wa jimbo la West Virginia, aliijua kanuni hiyo tangu hajavaa suruali ndefu, maana baba yake alichimba makaa na mama yake alilisha nusu ya bonde. Ndiyo maana Ijumaa ile, badala ya kurudi tena kuchokonoa kifusi, alishika njia ya chini, kwenye safu ya nyumba za mbao za kampuni kando ya reli, akitembea taratibu kama mtu anayetafuta chakula. Na kweli alikuwa na njaa.

Kifusi chenyewe kilikuwa mnara wa kupakilia makaa wa kampuni ya Stannard, mali waliyojivunia kuliko yote hapo Harrow Fork. Mtu aliulipua kwa baruti jioni ya Jumatano, watu wakiwa mezani. Hakufa mtu. Lakini moshi ulikuwa haujatua, sherifu alikuwa keshamtia pingu Ivor Maddocks, kiongozi wa chama cha wachimbaji. Jumamosi adhuhuri hakimu Pettry angeamua kama Maddocks apelekwe jela ya kaunti. Alasiri hiyohiyo wachimbaji wa Stannard walikuwa wapige kura: chama kiwe msemaji wao au kisiwe.

Na kura yenyewe ilikuwa ya wazi, kama kampuni ilivyoshikilia. Anayetaka chama avuke reli asimame upande wa mto. Asiyetaka abaki upande wa ofisi. Meneja angekaa kibarazani akisoma nyuso. Maddocks akiwa huru na mbele yao, wangevuka. Maddocks akiwa na minyororo miguuni, nani angetanguliza mguu?

Kesi ilikuwa nono. Wade Stidham, mpiga baruti wa mgodi huohuo, aliapa kwamba alimwona Maddocks peke yake akikimbia kutoka mnarani. Shali nyekundu ya Maddocks, ile asiyoivua kiangazi wala kipupwe, ilikutwa imenasa kwenye uzio. Naye Maddocks alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa akitembea mlimani, peke yake, na akafunga mdomo.

Varney alitembea akitazama madirisha. Safu nzima ilikuwa imezibwa macho: gunia hapa, karatasi kule, mlango wa kabati pale, kwa sababu mshindo wa Jumatano ulivunja vioo mpaka kwenye duka la kampuni mwisho wa barabara. Akafika chini kabisa, akasimama, akarudi nyuma hatua chache.

Nyumba tatu za mwisho zilikuwa na vioo vizima.

Hizo ndizo zilizopakana na mnara. Zilikula vumbi kuliko zote, na kwa hiyo walipewa wale ambao kampuni iliona hawastahili hewa: Mtaliano, Mhungari na mtu mweusi. Varney akapitisha kucha pembeni mwa kioo cha kwanza. Gundi ilikuwa kavu, ya miaka. Kioo hiki hakikubandikwa juzi.

"Ingia basi, usisimame hapo unanihesabia umaskini wangu," sauti ya mwanamke ikamwita kutoka ndani.

Alikuwa Giuditta Tedesco, mjane, mwenye mikono ya kukandia unga na jicho la kuhesabia vijiko. Alipangisha vyumba kwa vijana wa Kitaliano, na chumba cha juu alilala Maddocks mwenyewe. Kabla Varney hajavua kofia, sahani ya tambi yenye mchuzi mwekundu ilikuwa mbele yake.

"Kula kwanza. Sherifu alikuja hapa akakataa kula, nami nikakataa kusema."

"Mimi nitakula mara mbili, mama."

"Tumbo unalo."

Varney akala. Alipofika katikati ya sahani akauliza, kama mtu anayeomba chumvi, "Shali ya Maddocks anaifua nani?"

"Nani mwingine? Niliifua Jumatano asubuhi, nikaianika hapo nje. Jioni nakwenda kuanua, haipo. Nikasema upepo huu una mikono."

Varney aliendelea kutafuna. Shali ile alikuwa keshaishika kwa sherifu. Ilinukia sabuni, na pembeni ilikuwa na vishimo viwili vya vibanio vya kamba. Haikuwa na doa la masizi hata moja. Harrow Fork ukitoa leso kupiga chafya, inarudi mfukoni nyeusi. Shali hiyo ilitoka kambani ikaenda uzioni bila kupita shingoni mwa mtu.

"Sasa mama, mbona vioo vyako ni vizima?"

Mjane akageukia jiko. "Mungu."

"Vioo vya kanisa lenu vyote vimemwagika. Mungu aliacha kwake akaja kulinda kwako?"

Mama Tedesco alicheka kabla hajajizuia, na kicheko kikamponza. "Nilifungua madirisha," akasema.

"Kwa baridi hii ya Machi?"

"Nilikuwa nakaanga samaki."

"Mpangaji wako mmoja ameniambia Jumatano mlikula maharage."

"Basi huyo leo halali ndani," akasema, akaketi. Akaifuta meza iliyokuwa safi. "Ukiandika haya, vijana wangu wote watafukuzwa."

"Naandika kwa nini? Mimi nakula."

Akamtazama sana. Kisha akasema polepole, "Nilisikia mtu analia, 'Moto!' Vile wanavyolia mgodini kabla ya kuwasha utambi, ili watu wakimbie. Alilia kwa Kitaliano. Mume wangu alikufa kwenye makaa, bwana, mimi sihitaji kuambiwa mara mbili. Unafungua dirisha ili mshindo upite usivunje kioo, unalala chini. Nilipoinuka ndipo nikafikiri: aliyelipua ni wa kwetu. Nikanyamaza."

"Kitaliano chake kilikuwaje?"

"Cha ovyo. Kama mtu wa kusini kabisa mwenye mafua."

"Hukusikia kingine?"

"Makelele ya mlima tu. Ongeza mchuzi."

Varney alitoka pale na tumbo zito, akaenda nyumba ya pili, kwa Lajos Szabo. Huyo mzee wa Kihungari alikuwa na kifua kilichojaa vumbi la nusu karne, na kila neno lilimtoka kwa kukohoa. Mkewe akaleta kabichi iliyoviringwa nyama. Varney akala, maana kukataa kungemaliza mazungumzo. Szabo akamimina pombe ya matunda, wakanywa kwa afya ya farasi, kwa afya ya wake zao, na mwisho kwa afya ya madirisha.

"Umeyaona," Szabo akasema.

"Nimeyaona, mzee."

"Nilikuwa bombani na ndoo, chini ya mnara pale. Nikasikia kilio. Nikaitupa ndoo, nikakimbia kama kijana. Mke wangu akaniuliza nimeona shetani? Nikamwambia fungua madirisha, ulale." Akakohoa. "Lugha ilikuwa Kihungari. Kibovu, kama mtu anatafuna jiwe. Labda mtoto wa Kihungari aliyezaliwa hukuhuku, asiye na adabu wala shule. Lakini ni wetu. Ndiyo maana sherifu hakulisikia hili."

Varney akaweka kikombe chini. Mtaliano, sasa Mhungari.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mchungaji Goode wa kanisa la weusi. Mchungaji alikuwa zamu mgodini, maana hapo hata mchungaji alichimba. Mkewe, Odessa, alimpokea Varney mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Naambiwa unakula nyumba kwa nyumba," akasema.

"Habari zinatembea kuliko mimi, mama mchungaji."

"Hapa ni mkate wa mahindi na maharage, na pai ya tofaa. Na sikusikia kitu."

"Sijauliza kama ulisikia."

"Basi tumeelewana."

Pai ilikuwa nzuri mno kuharakishwa. Varney alisifu, akasimulia jinsi mama yake alivyowahi kumchapa mtu mzima kwa mwiko, Odessa akasimulia la kwake, la meneja aliyeanguka matopeni siku ya ibada ya Pasaka, na wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Ndipo Varney akainua kidole kuelekea dirishani, bila neno.

Odessa akaacha kucheka. "Ni hivi, bwana Varney. Katika kaunti hii kitu kikilipuka, wanaanza kwa kutafuta mlango wa mtu mweusi. Nilisikia mtu analia moto, kwa Kiingereza, cha milimani kama chako. Lakini wapo wavulana wetu waliozaliwa hapa wanaozungumza hivyohivyo. Nikafungua dirisha, nikafunga mdomo."

Nyumba tatu, vilio vitatu, na kila mmoja alikuwa amekaa kimya kulinda watu wake. Walikuwa majirani wanaoazimana chumvi, lakini hili hawakuambiana hata kwa nyusi.

Alipopanda kurudi, akamkuta meneja, Royce Tennant, kwenye kibaraza cha ofisi, mikono nyuma, koti lenye kola ya manyoya. Mji wa kampuni hata ukuta ni mwajiriwa. Tennant alikuwa keshasikia.

"Kumbe walikuwa watatu," akasema kwa furaha. "Mtaliano, Mhungari na mweusi, na Maddocks akiwaongoza. Nilikuwa na mhalifu mmoja, wewe umeniletea genge. Kesho nitakushukuru mbele ya hakimu."

"Usiwahi, bwana Tennant. Bado sijashiba."

Alisema hivyo, lakini alipokuwa akishuka kwenda mahabusu alitembea bila mluzi. Meneja hakuwa mjinga. Ukiyapanga vibaya aliyoyakusanya Varney, yalimtoa Maddocks kwenye kisu yakamweka kwenye shoka.

Mahabusu ilikuwa stoo ya kampuni yenye kufuli. Ivor Maddocks aliinuka kutoka kwenye kreti la misumari. Alikuwa mtu mfupi, mabega ya mlango, mvi za hapa na pale. Bila shali kovu lake lilionekana lote, limepita kooni kama kamba. Sauti haikuwepo. Alikuwa akinong'ona, ukamsogelea utake usitake.

Maisha yake Harrow Fork iliyajua kama sala. Alishushwa mgodini angali mtoto, akafungua milango ya hewa gizani ili nyumbu wapite. Akaendesha nyumbu hao, kisha akachimba. Kampuni ilipokuwa ikipunja kwenye mizani, wachimbaji wenyewe walimchagua asimame kando ya mizani ile awe jicho lao, na akasimama, mvua na theluji, mpaka mpimaji wa kampuni akawa anaota sura yake. Wakaanzisha chama, wakamweka mbele. Katika mgomo mkubwa askari wa kampuni akampiga kitako cha bunduki kooni. Chama kikavunjwa. Yeye akafungiwa kila mgodi kaunti nzima, akaishi kwa kufagia mazizi na kuchonga mipini ya mashoka, huku akitembea bonde kwa bonde, jiko kwa jiko, akinong'ona. Watu walinyamaza ili wamsikie, na huko kunyamaza pamoja, walisema wengine, ndiko kulikokirudisha chama.

"Jumatano ulikuwa kwa nani?" Varney akamuuliza.

"Mlimani."

"Ulikuwa kwenye mkutano. Taja mmoja tu aliyekuona."

"Walionikaribisha wana watoto na wanalala kwenye nyumba za kampuni," Maddocks akanong'ona. "Nilikuwa peke yangu."

Varney akavuta ndoo, akaketi juu yake. Akamsimulia vioo, shali iliyotoka kambani, na vilio. Alipofika kwenye lugha ya tatu, aliona jambo ambalo hakulitegemea: mfungwa alikuwa akitabasamu.

"Nini?"

"Walilia mara ngapi?"

"Kila mmoja alisikia kilio kimoja."

"Kimoja kila mmoja," Maddocks akarudia. Akashika koo lake, kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo. "Zamani hapa mpiga baruti alilia kwa Kiingereza tu. Akaja kijana wa Kihungari, wiki yake ya kwanza. Kilio akakisikia, akadhani wanaimba. Tukamzika. Nikawaambia watu, hatushuki. Ulikuwa mgomo wangu wa kwanza. Kampuni ilicheka, ikanuna, mwishowe ikakubali: kila mpiga baruti alie kwa lugha ya kila mtu aliyemo kwenye njia yake ya kuchimbia. Baadaye chama kilikufa. Kilio hakikufa. Watu walishakizoea."

Varney akahesabu kwa vidole. Kitaliano cha mtu mwenye mafua. Kihungari cha kutafuna jiwe. Kiingereza safi cha milimani. Hapakuwa na watu watatu. Alikuwa mtu mmoja wa milimani, amelia mara tatu, na kila jirani akashika kilio chake, viwili vilivyobaki akaviita makelele.

"Jamaa alikwenda kufanya uhalifu," Varney akasema, "akawaonya watu."

"Mikono ikishazoea utambi, mdomo unatangulia wenyewe."

"Kwenye njia ipi wanachimba weusi, Wataliano na Wahungari, bila wengine?"

Tabasamu likaondoka. Maddocks akageuza uso ukutani.

"Unamjua," Varney akasema.

"Mimi simtaji mchimbaji kwa serikali. Hata huyo."

"Kesho watakufunga, watu wako hawatavuka reli."

"Basi fanya kazi yako upesi, bwana mkubwa. Mimi yangu ni hii."

Jumamosi asubuhi kinyozi alikuwa amejaza watu mpaka mlangoni, kwa kuwa mtu haendi kura ya wazi na ndevu chafu. Varney akaomba anyolewe, akasimulia kisa cha meneja na matope, nyumba ikaanguka kwa vicheko. Katikati ya povu akauliza, "Njia gani ya mgodi ina watu wa kila namna siku hizi? Binamu yangu anataka kuhamia."

"Ya tano ni ya mchanganyiko," kinyozi akasema. "Weusi, Wataliano, Wahungari. Mwambie aje, ni njia salama kuliko zote. Hajafa mtu pale."

"Analipua nani?"

"Wade Stidham. Sema ukimwona sasa usimtanie. Mkewe kifua kinamla. Meneja amemwahidi nyumba ya juu mlimani, kwenye hewa safi."

"Mpiga baruti apewe nyumba ya wakubwa?"

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. Vicheko vikaisha kimoja kimoja, na kila mtu akatazama viatu vyake.

Shauri lilisikilizwa shuleni, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine cha kuwatosha watu. Na bado hakikutosha: wake walikaa madirishani, wanaume walibanana ukutani kama makopo ya duka. Hakimu Pettry, aliyepangishiwa nyumba na kampuni kama kila mtu, aliketi kwenye meza ya mwalimu. Tennant mstari wa mbele. Maddocks kando, pingu mkononi, koo wazi.

Stidham akaapa. Alikuwa mrefu, aliyekonda, mikono safi iliyosuguliwa. Akasema yaleyale: alimwona Maddocks, peke yake, akikimbia.

Sheria ya jimbo ilimruhusu Varney kuuliza shahidi yeyote habari za moto au mlipuko. Akainuka akifunga vifungo vya koti, vikakataa kufungika, watu wakacheka.

"Bwana Stidham, umelipua makaa miaka mingi."

"Mingi."

"Watu wangapi wamekufa kwenye njia yako?"

Stidham akainua kidevu. "Hata mmoja."

"Njia nyingine wamekufa."

"Njia nyingine wana haraka."

"Wewe unafanya nini ambacho wao hawafanyi?"

"Nalia kabla ya kuwasha. Nalia kwa sauti, nangoja, nalia tena. Simlilii mtu kwa lugha asiyoijua."

"Lugha zipi?"

Hapo alipaswa kunyamaza. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu aliowarudisha nyumbani wazima kila jioni, na fahari ikamtoka kabla ya akili. "Kiingereza, Kitaliano, Kihungari. Kwa mpango huo. Asitokee wa kwangu kusema hakuelewa."

"Ahsante. Mama Tedesco, hebu simama umwambie hakimu kwa nini vioo vyako havikuvunjika."

Alisimama, akasita, akawatazama vijana wake, kisha akasema: alisikia kilio cha moto, kwa Kitaliano. Nyuma yake mtu akashtuka. Alikuwa Odessa Goode.

"Kitaliano?" Odessa akauliza kwa sauti, bila kungoja kuitwa. "Mimi nilisikia Kiingereza."

"Na mimi Kihungari," akasema Szabo kutoka ukutani.

Wale watatu wakatazamana juu ya vichwa vya watu. Waliishi ukuta kwa ukuta, na siku hizo zote kila mmoja alikuwa amebeba jiwe lake peke yake.

Tennant akainuka. "Watu watatu, mheshimiwa. Genge. Kama nilivyosema."

"Shahidi wako ameapa alikuwa mtu mmoja," Varney akamjibu.

"Basi Maddocks mwenyewe ndiye aliyelia."

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akafuatwa na mwingine, na chumba kizima kikapasuka, wanawake madirishani wakishikana ili wasianguke. Maddocks alinyoosha kidole akaonyesha koo lake mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hata hakimu alifunika mdomo kwa karatasi.

Varney akangoja watulie. Akamwonyesha hakimu shali, sabuni yake, vishimo vya vibanio. Akamgeukia Stidham. "Lia hapa, tukusikie. Kwa mpango huohuo."

Stidham akashika ukingo wa kiti. "Sitaki."

"Mlazimishe, mheshimiwa."

Hakimu akamtazama Tennant, akatazama chumba kilichojaa, akatafuta neno. Lakini aliyetangulia kusema ni mzee Szabo, aliyekuwa amejisukuma mpaka mbele, akikohoa.

"Wade," akasema. "Siku ile bombani. Ulinililia mimi?"

Stidham hakumtazama.

"Ulikuwa na ndoo," akasema. "Utambi ulikuwa mkononi mwangu, nikakuona unakuja na ndoo. Ningefanyaje, mzee? Nikuache?"

Stidham akaendelea, sasa kama mtu anayetapika. Meneja ndiye aliyempa baruti. Meneja ndiye aliyesema shali itapatikana kambani. Nyumba ilikuwa juu mlimani, kwenye hewa, na mkewe hana mwaka mwingine wa vumbi.

Tennant alikuwa keshafika mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa wanawake, na hawakuona sababu ya kusogea.

"Rudi ukae, bwana Tennant," hakimu Pettry akasema. Sauti yake ilikuwa na mshangao, kama mtu aliyekuta sarafu katika koti la zamani. "Mahakama hii bado ina maswali. Sherifu, mfungue Maddocks. Pingu hizo zina wa kuvaa."

Maddocks akasugua vifundo vya mikono. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Stidham, na watu wakadhani atampiga. Akainama sikioni pake. Varney alikuwa karibu, akasikia: "Mkeo hatatolewa nyumbani. Chama kitasimama mlangoni pake." Kisha akatoka nje kwenye mwanga.

Kampuni ilikuwa imeandaa kura yake, na haikuweza kuifuta, maana mtu wa serikali ya jimbo alikuwa keshafika kuisimamia. Kibarazani alikaa makamu wa meneja, aliyeitwa mbio kujaza kiti, akiwa na karani mmoja aliyeitwa Ogle. Wachimbaji walisimama upande wa ofisi, kofia machoni. Reli ilikuwa inang'aa katikati.

Maddocks hakuhutubia. Alivuka reli, akageuka, akasimama.

Szabo alimfuata, akikohoa kila hatua. Mchungaji Goode akavuka na wanaume wa kanisa lake, wamevaa suti. Wakavuka Wataliano wa Mama Tedesco, wamechana nywele kwa mafuta. Baadaye haikuwezekana kusema nani alitangulia nani, kwa kuwa walivuka kama maji yanavyovuka kizuizi kilichotoboka, njia ya kwanza, ya pili, njia ya tano nzima, mpaka kinyozi na wembe mfukoni, na viatu vyao vikagonga vyuma vya reli hata kibaraza kikatetemeka. Varney, ambaye hakuwa na kura, alijikuta amesimama upande wa mto ameshika kipande cha pai.

Upande wa ofisi palibaki changarawe tupu.

Makamu wa meneja alikuwa bado anatazama changarawe hiyo, Ogle alipofunga kifuniko cha wino wake, akachukua kofia, akashuka ngazi.

"Ogle," makamu akamwita. "Unakwenda wapi?"

"Kuhesabu, bosi," karani akasema bila kugeuka. "Watu wote wako kule."